Wiki ya kufunga ripoti: taarifa za afya kutoka rejista ya zahanati hadi kwenye mfumo wa taifa

Mratibu_Kusini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikitangazwa kwamba serikali imenunua vishikwambi au imezindua mfumo mpya wa afya, mjadala humu unaishia kwenye bei ya vifaa na nani kapewa tenda. Ni maswali ya haki kabisa, ila kazi yenyewe inabaki haijaguswa. Mimi ni mratibu wa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, katika halmashauri moja ya mikoa ya kusini. Nimeona niandike jinsi wiki ya kwanza ya mwezi ilivyokwenda. Hiyo kwetu ndiyo wiki ya kufunga ripoti: ikifika tarehe 7, kila zahanati na kituo cha afya kiwe kimejumlisha mwezi uliopita.

Msimamo wangu nautoa mapema. Taarifa ya afya imfae kwanza muuguzi aliyeiandika, ndipo ipande wilayani, mkoani na Dodoma. Kwa sasa inapanda tu, hairudi, na ndiyo sababu mifumo mingi mizuri inachukiwa na watu wanaoijaza.

Jumatatu

Jumatatu ni ya magonjwa ya mlipuko. Kila kituo kinatuma ripoti ya wiki iliyoisha Jumapili: surua, kipindupindu, kuhara damu, watoto waliopooza ghafla na mengine yaliyo kwenye orodha. Uzuri wake, hii haidai simu janja. Mhudumu anapiga namba fupi ya huduma kwenye kitochi chake, anajibu maswali, imekwenda. Magonjwa ya dharura hayasubiri Jumatatu. Hayo yanatolewa taarifa ndani ya saa 24.

Asubuhi hiyo sitafuti namba kubwa. Natafuta waliokaa kimya. Kituo kilichotuma sifuri kimefanya kazi, kimeniambia "tumeangalia wiki nzima, surua hatujaiona". Kituo ambacho hakikutuma kitu hakijaniambia lolote, na usipokuwa makini vyote viwili unavihesabu kuwa salama. Kwa hiyo nikashika simu. Zahanati moja mhudumu aliyesajiliwa yuko likizo ya uzazi, na aliyebaki hajasajiliwa kwenye mfumo. Nyingine mnara wa simu ulikuwa umezimika tangu Ijumaa. Nyingine walikuwa wametuma vizuri tu, ila taarifa imeingia kwa jina la kituo kingine, kwa sababu kuna zahanati mbili za vijiji vyenye jina moja, kimoja A kimoja B.

Kuna anayeona hii ni kazi ya karani. Mkumbuke mlipuko wa virusi vya Marburg uliotangazwa Kagera tarehe 21 Machi 2023. Walipatikana wagonjwa 9, wakafariki 6, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Maabara ndiyo inayothibitisha virusi, lakini kabla ya maabara lazima awepo mtu kijijini aliyeona kwamba vifo hivi si vya kawaida, akasema, na akasikilizwa. Ukimya wa zahanati moja kwa wiki mbili tatu ni hatari ya kweli, na mimi nalala vibaya ninapokuwa na kituo sijakisikia.

Jumanne

Nilishinda zahanati. Kwa ruhusa ya muuguzi na ya akina mama, nilikaa pembeni kwenye chumba cha kliniki ya wajawazito nikifuatilia kalamu yake.

Mama amekuja hudhurio la kwanza. Muuguzi anajaza kadi ya RCH namba 4, ambayo mama ataondoka nayo. Anahamia Kitabu namba 6 cha MTUHA, rejista ya wajawazito, mstari mrefu unaovuka kurasa mbili: umri, mimba ya ngapi, wingi wa damu, kaswende, VVU, SP ya kukinga malaria, chandarua. Kisha karatasi ya tali, kijistari kwa kila huduma aliyotoa. Kisha leja ya dawa, maana ametoa vidonge vya kuongeza damu. Kisha kishikwambi, na humo anaanza tena na jina la mama, kijiji, tarehe ya hedhi ya mwisho. Benchi la nje limejaa. Muuguzi ni yeye peke yake, na siku hiyo ndiye pia wa chanjo.

Basi anafanya ambalo mimi na wewe tungefanya: kishikwambi anakiweka kando mpaka jioni. Akina mama wakishaondoka, anakaa kunakili kutoka Kitabu namba 6.

Hapo ndipo faida yote inapopotelea. Programu ile imetengenezwa imkumbushe muuguzi wakati mama yuko mbele yake: huyu damu ilikuwa chini mara iliyopita, huyu hajapata dozi ya pili ya SP, huyu shinikizo lake limepanda kuliko mwezi jana. Ukiijaza saa kumi na moja jioni, onyo linatokea vizuri kabisa kwenye kioo, na mama ameshafika kwake, kilomita kadhaa huko. Kwenye ripoti ya matumizi zahanati hiyo inasomeka "inatumia mfumo kwa asilimia zote". Inautumia kama mashine ya kuchapa, na aliyeifikisha hapo ni sisi tuliorundika vitabu na mifumo bila kuondoa hata kimoja.

Siwalaumu wauguzi hata kidogo. Nimeona mwandiko wa saa tatu asubuhi na mwandiko wa saa nane mchana wa mtu yule yule. Mwandiko wa mchana ni wa mtu aliyechoka.

Habari ya umeme niipitie haraka. Sola ya friji ya chanjo haiguswi kwa kuchaji kitu kingine, na ndivyo inavyotakiwa, friji ibaki kati ya nyuzi 2 na 8 usiku na mchana. Kishikwambi kinachajiwa dukani au nyumbani kwa mtendaji wa kijiji. Bando nalo mara nyingi linatoka mfukoni mwa mtumishi, na hili naliona ni dhuluma.

Jumatano

Siku nzima nilikuwa na namba za chanjo, na naomba hapa mnivumilie.

Zahanati moja iliyo karibu na mpaka wa wilaya ilionyesha imechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake. Mtu wa mbali akiona hivyo anasema wamepika data. Mimi sianzii hapo. Asilimia ina namba ya juu na namba ya chini. Ya juu ni watoto waliochanjwa, na hiyo muuguzi anaijua kwa sindano aliyoishika. Ya chini ni watoto tunaotarajia wapo, na hiyo zahanati haijaihesabu. Imeshuka kutoka kwenye Sensa na makadirio yake. Sensa ya 2012 ilitukuta milioni 44.9. Ya 2022 ikatukuta 61,741,120. Miaka yote ya katikati tulikuwa tunakisia, na kisio linagawanywa mkoa, wilaya, kata, mpaka kijiji. Kijiji kilichopata barabara au machimbo kimejaa watu ambao makadirio hayawajui. Kijiji kilichohamwa bado kinadaiwa watoto ambao hawapo.

Halafu kuna mto. Akina mama wa ng'ambo ya pili wanavuka kuja kwetu kwa sababu zahanati yao iko mbali zaidi. Watoto wao wanahesabiwa juu kwetu na wanadaiwa chini kwa jirani. Kwenye jedwali la mkoa wetu tunaonekana hodari na wenzetu wanaonekana wazembe, wakati wauguzi wa pande zote mbili wanafanya kazi ile ile. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo mganga mfawidhi alisimamishwa mbele ya watu aeleze kwa nini amefika asilimia 60. Alieleza habari ya mto. Hakuna aliyeiandika.

Kipimo ninachokiamini zaidi ngazi ya chini ni Penta 1 dhidi ya Penta 3, yaani dozi ya kwanza na ya tatu ya chanjo inayokinga magonjwa matano. Ya kwanza mtoto anapata akiwa na wiki 6, ya tatu wiki 14. Hapa Sensa haihusiki, maana unalinganisha watoto walioanza na waliomaliza. Jumatano hiyo zahanati nyingine ilionyesha watoto wengi wanaanza vizuri na wanapotea kabla ya dozi ya tatu. Nikampigia muuguzi, tukafungua rejista yeye kule mimi huku, jina kwa jina. Karibu wote walitoka kitongoji kimoja, na familia zao zilikuwa zimehamia mashambani, kwenye ufuta. Akasema mwenyewe: basi huduma ya mkoba, ile kliniki ya kuwafuata watu walipo, ya mwezi huu tuipeleke huko mashambani badala ya shuleni. Mazungumzo hayo hayakufika hata nusu saa. Ndiyo kazi ninayoitaka, na kwa wiki nzima ilikuwa hiyo nusu saa na nyingine chache.

Rejista ya kielektroniki ya chanjo, ile iliyoanzia Arusha katikati ya miaka ya 2010, ilibuniwa kwa shida hii hii: mtoto awe na kumbukumbu yake, akihamia shambani au Dar imfuate. Ugumu uko kwenye jina. Mtoto anachanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, bado hajapewa jina, anaandikwa "mtoto wa fulani". Anarudi wiki ya sita ana jina la babu, na wiki ya kumi analetwa na shangazi anayemwita jina la nyumbani. Usajili wa vizazi kwa walio chini ya miaka mitano, ambao RITA, wakala wa serikali wa usajili, waliusogeza kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ndiyo dawa ninayoiamini, kwa kuwa mtoto anaondoka na cheti na namba mapema.

Alhamisi

Nywila. Watumishi waliohamishwa, watumishi wapya, walioazima akaunti ya mwenzao. Siku nzima.

Ijumaa

Kikao cha timu ya afya ya halmashauri. Mfamasia alikuja na maombi ya dawa yanayokwenda Bohari ya Dawa, mimi nikaja na idadi ya waliojifungua. Ni mifumo miwili tofauti, kwa hiyo tukaweka karatasi mbili mezani, kituo kwa kituo. Kila mama anayejifungua anatakiwa apate oksitosini ya kuzuia kutoka damu. Kituo ambacho matumizi yake ya oksitosini ni madogo kuliko idadi ya wanaojifungua kina moja kati ya mambo matatu: akina mama hawapewi, au wanapewa na leja haijazwa, au vizazi vimeongezwa kwenye karatasi. Jambo la kwanza linaua. Tulipata kituo cha namna hiyo, na mratibu wa afya ya uzazi akaondoka kwenda huko siku ile ile. Ingekuwa mifumo hiyo miwili inazungumza, onyo hilo lingetoka lenyewe kila mwezi bila kusubiri kikao.

Nitaje na mfumo unaofanya kazi: m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ambao tangu 2022 ulianza kusambazwa nchi nzima. Muuguzi anapiga 115 bure, anaulizwa maswali, na anatafutiwa gari la wagonjwa au dereva wa kijijini anayelipwa kwa simu. Sijawahi kulazimika kumfuata mtu aandikishe taarifa za m-mama. Anayetoa taarifa anapata gari, papo hapo, kwa ajili ya mgonjwa aliye mbele yake.

Jumamosi

Simu yangu ilipokea picha kwenye grupu la WhatsApp la kazi: ukurasa mzima wa rejista, majina, vijiji, majibu ya VVU. Aliyetuma alitaka tu kuuliza namna ya kujaza safu moja. Nikampigia tukaifuta, na Jumatatu inayofuata nawaita wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na taarifa za afya ni kati ya zile nyeti inazozilinda zaidi. Lakini sheria kando, kijijini watu wanajuana. Mama akisikia jina lake limepita kwenye simu za watu, harudi kliniki, na wenzake nao hawatarudi.

Karibuni. Maswali nitajibu kadiri ninavyoweza.

---

Nesi_wa_Zamu

Kaka mratibu, umeandika kama uliyekaa kwenye kiti changu. Mimi niko zahanati mkoa wa Tabora. Naomba uniambie ukweli, vitabu vitaondoka lini? Tuliambiwa mfumo ukija vitabu vinakwisha. Mfumo umekuja, vitabu vipo, na wakija wasimamizi kitu cha kwanza wanasema "lete rejista". Sasa mimi nitaacha kuandika rejista kwa ujasiri gani?

Mratibu_Kusini

Dada, hapo umegusa penyewe. Kitabu kinabaki kwa sababu sisi wasimamizi tunakidai. Mkaguzi anakidai, mfadhili akija kuhakiki anakidai, hata mimi kwenye zoezi la ubora wa takwimu nahesabu kitabu halafu nalinganisha na mfumo.

Tarehe sina, ila naweza kukwambia vitu ambavyo vikitimia mimi mwenyewe nitasaini kitabu kiondoke kwenye kituo. Programu ifanye kazi bila mtandao siku nzima na itume mtandao ukirudi. Umeme wa kishikwambi uwe wa kituo na bando liwe la kituo. Kuwe na kishikwambi cha akiba, maana kikianguka kikapasuka kliniki haisimami. Na yatoke maandishi kutoka juu kwamba kumbukumbu ya kielektroniki inakubalika kwenye ukaguzi. Hilo la mwisho halihitaji hata shilingi, na ndilo ningeanza nalo. Wakati tunasubiri, ondoa tali. Mfumo ukijazwa unajumlisha wenyewe. Tali ni kazi ya bure kwa kituo kinachojaza mgonjwa mmoja mmoja. Muombe mratibu wako aiandike kwenye barua ya usimamizi.

Fundi_Kodi

Mkuu, mimi natengeneza programu hapa Dar. Kuunganisha mfumo wa dawa na wa vizazi ni kazi ya wiki chache. Kwa nini serikali isitengeneze mfumo mmoja wa afya, hiyo mingine ikazimwa?

Mratibu_Kusini

Fundi, kuandika programu kweli ni wiki chache. Makubaliano ndiyo miaka. Mfumo wa dawa unakijua kituo kwa namba moja, wa fedha kwa nyingine, wa chanjo kwa jina. Orodha kuu ya vituo vya afya ipo na kila kituo kina namba yake, na kila mfumo mpya ukilazimishwa kuanza na namba hiyo, nusu ya ugonjwa inapona. Baada ya kituo kuna namba ya mgonjwa. Baada ya hapo kuna maana: "mama aliyejifungua kituoni" anahesabika yule aliyejifungulia njiani kwenye bodaboda akamalizia kwetu? Mfumo mmoja unasema ndiyo, mwingine unasema hapana. Hilo haliamuliwi na mtengeneza programu, linaamuliwa na wakunga na watakwimu wakikaa pamoja.

Mfumo mmoja wa kila kitu mimi siutaki. DHIS2, inayobeba majumuisho yetu ya taifa, ilianzia Afrika Kusini ya miaka ya 1990, inasimamiwa Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuijenga. Ina chanzo huria na inafanya vizuri kile ilichokusudiwa, kujumlisha. GoTHOMIS ya TAMISEMI kazi yake ni mgonjwa na dirisha la malipo. Ukilazimisha mmoja ufanye kazi ya mwingine, utapata kitu kizito ambacho zahanati haitakifungua. Kila mmoja ubaki na kazi yake, bali wote waitane kwa namba zile zile. Na mradi wa mfadhili unaokuja na programu yake na vishikwambi vyake, uulizwe hilo kabla haujakaribishwa wilayani.

Mtoto_wa_Ngambo

Assalaam alaykum ndugu yangu. Huku Zanzibar tuna Jamii ni Afya, wahudumu wa afya ya jamii wanakwenda nyumba kwa nyumba na simu. Mimi nasimamia shehia kadhaa. Simu yenyewe inampa mhudumu suali la kuuliza, na mama akitaja dalili ya hatari pale pale inamwambia ampeleke kituoni. Hajazi usiku, maana bila ya simu hajui aulize nini. Naona hapo ndipo tulipotofautiana na hadithi yako ya Jumanne. Lakini na sisi tuna tabu yetu: mama akifika kituoni, aghlabu muuguzi haioni ile taarifa ya nyumbani, anaanza moja.

Mratibu_Kusini

Waalaykum salaam. Umenisaidia kueleza vizuri kuliko nilivyoeleza. Simu ikiwa ndiyo njia ya kufanya kazi, inajazwa kwa wakati wake. Ikiwa ni mahali pa kuripoti kazi iliyokwisha, inasubiri jioni. Bara nako mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulizinduliwa Januari 2024, lengo likiwa zaidi ya wahudumu 137,000 ndani ya miaka mitano. Nawaomba wanaopanga waitazame Unguja na Pemba kwa makini, pamoja na hiyo tabu ya mama kuanza moja akifika kituoni.

Muuguzi_Kilifi

Nawasalimu kutoka Kenya. Hapa afya iligatuliwa, kaunti 47, kwa hivyo mambo yako ya mpaka na mto kwetu ni mara dufu, mgonjwa akivuka amebadilisha serikali. Wahudumu wa jamii zaidi ya 100,000 walipewa simu na mikoba ya vifaa 2023. Tangu Oktoba 2024 tumetoka bima ya zamani ya taifa, NHIF, tukaingia mpya, SHA, na usajili wote ni wa kidijitali. Swali langu: bima ya wote ikiingia kwenu kikamilifu, unadhani rekodi zitakuwa bora ama zitaharibika?

Mratibu_Kusini

Dada wa Kilifi, hili ndilo linaloniwazisha zaidi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Kwa upande mmoja, malipo yakitegemea kumbukumbu, kila mgonjwa ataandikwa, na kituo kitapata sababu ya kununua betri na bando. Huo ni mwanzo mzuri. Kwa upande mwingine, kumbukumbu itaanza kuandikwa ili ilipwe. Malaria itachaguliwa kwa sababu fomu yake inapita haraka, siyo kwa sababu kipimo kimesema malaria. Nikiwa natumia namba hizo hizo kutafuta milipuko, nitakuwa nasoma bei nikidhani nasoma magonjwa. Ningependa kuona dai la bima linatoka kwenye kumbukumbu ya matibabu, badala ya muuguzi kujaza dai kando na matibabu kando, na majibu ya maabara yaingie moja kwa moja kutoka maabara.

Mama_Wawili

Mimi si mtaalamu, ni mama tu. Hiyo Jumamosi yako imenishtua. Nikienda kliniki majibu yangu yakaingizwa kwenye kishikwambi, Dodoma wanayaona na jina langu?

Mratibu_Kusini

Dada yangu, umeuliza la msingi. Kinachopanda kwenye mfumo wa majumuisho wa taifa ni idadi: mwezi huu zahanati hii imepima akina mama kadhaa, kadhaa wamekutwa na maambukizi. Jina halimo. Jina lako linakaa kwenye mifumo ya mgonjwa mmoja mmoja, ambayo kila anayeingia anatakiwa awe na akaunti yake, na aliyefungua kumbukumbu yako aonekane ameifungua. Ndiyo maana Alhamisi yote nilishinda na nywila. Akaunti ya kuazimana inamaanisha hatujui nani alikuangalia. Una haki ya kumuuliza muuguzi taarifa zako zinatumika kwa nini na nani anaziona, na una haki ya kudai zirekebishwe zikikosewa. Ukijibiwa vibaya, muone mganga mfawidhi. Muulize bila woga, swali lako linatusaidia.

Nesi_wa_Zamu

Nimerudi. Umesema taarifa inifae mimi kwanza. Nimeelewa kwa Penta 1 na Penta 3. Ile chati ya chanjo ya ukutani kwetu imeachwa wazi tangu mwaka jana, aliyekuwa anaijaza alihama. Nielekeze kwa maneno mepesi.

Mratibu_Kusini

Hii ndiyo nimeipenda kuliko zote. Chukua lengo lako la mwaka la watoto wa chini ya mwaka mmoja. Tuseme ni 120, basi kila mwezi ni 10. Mstari wa pembeni uanze sifuri chini uishie 120 juu, chini uandike miezi Januari hadi Desemba. Chora mstari ulionyooka kutoka kona ya chini kushoto hadi 120 ya Desemba. Huo ndio unaotarajiwa.

Sasa Penta 1. Januari umechanja 9, weka nukta kwenye 9. Februari umechanja 11, usiweke kwenye 11, jumlisha na ya Januari, weka kwenye 20. Endelea hivyo kila mwezi, unaongeza juu ya jumla ya nyuma, unaunganisha nukta. Penta 3 vile vile kwa kalamu ya rangi nyingine. Miezi miwili ya mwanzo ya Penta 3 usiitie shaka, inabeba watoto walioanza mwaka jana.

Mistari miwili ikiachana, pengo hilo ni watoto walioanza kwako hawajamaliza. Toa Penta 3 kwenye Penta 1, gawanya kwa Penta 1, zidisha kwa 100. Ikizidi 10, fungua rejista siku hiyo hiyo, andika majina na vitongoji, mpe mhudumu wa jamii awafuate. Na mistari yote miwili ikipanda juu ya ule wa lengo, usiogope kuulizwa. Andika pembeni ya chati watoto wangapi wametoka nje ya eneo lako na wametoka kijiji gani. Mkoani wakija na hadithi ya kupika data, waonyeshe hapo.

Ya miezi iliyopita unaweza kuijaza yote leo kutoka ripoti zako za mwezi. Ukikwama mahali, nitumie namba bila majina.